Kuondoa Madoa ya Kinyesi cha Ndege Kwenye Rangi ya Gari: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari Nairobi

Malalamiko ni yale yale. Gari limeoshwa, limekaushwa, linang'aa, na bado kwenye boneti kuna alama iliyofifia mahali ambapo ndege aliangusha kinyesi. Mwenye gari anasugua kwa nguvu zaidi. Alama inabaki pale pale, ila sasa imezungukwa na mikwaruzo ambayo asubuhi haikuwapo.

Karibu kila mara chanzo cha kushindwa ni kimoja: vitu viwili vinachukuliwa kuwa kitu kimoja. Kinyesi ni uchafu uliokaa juu ya rangi. Alama inayobaki baada ya kuosha ni jeraha lililo ndani ya rangi yenyewe. Uchafu hutolewa kwa maji na subira. Jeraha hutibiwa kwa polishi, na mengine hayatibiki ila kwa kupiga rangi upya. Anayetibu jeraha kwa sabuni atasugua hadi jioni bila kuona tofauti. Anayekimbilia polishi kabla uchafu haujatoka anausaga mchanga ndani ya rangi yake.

Hatua zilizo hapa chini zinazitenganisha kazi hizo mbili. Zifuate kwa mpangilio. Ukifika hatua ya 5 na usione alama yoyote, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 9.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa kutoa uchafu:

- Maji safi. Lita 2 zinatosha doa moja. Ukitaka kuosha boneti nzima, tenga mtungi wa lita 20.
- Vitambaa vya maikrofaiba, visipungue vinne. Fulana kuukuu haifai, kwa sababu mishono yake hukwaruza.
- Shampuu ya gari na ndoo mbili.
- Karatasi ya shashi au pamba ya kulowekea.
- Glavu na barakoa.
- Tochi ya simu.

Kwa kutibu alama:

- Polishi laini ya rangi ya gari, ile ya kumalizia.
- Kompaundi laini, dawa ya kusugulia rangi iliyo kali kuliko polishi. Usiifungue mpaka polishi ishindwe.
- Sponji mbili ndogo za kupakia, moja ya polishi na nyingine ya nta.
- Tepu ya karatasi, ile mafundi wa rangi hutumia kuziba vioo.
- Alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ndani ya chupa ya kupulizia.
- Nta ya gari.

Vitu hivi vinapatikana katika maduka ya vipuri na vifaa vya magari kama yale ya Kirinyaga Road, na kwenye rafu za magari katika supamaketi kubwa. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Polishi ya dashibodi au ya tairi haitakusaidia hapa: hung'arisha kwa mafuta tu na haigusi jeraha. Wengi hununua hiyo, hupaka, huona doa limepotea, kisha mvua ya kwanza inalirudisha.

Kuna vitu vingine ambavyo havipaswi kabisa kulikaribia gari lako: stilwulu, unga wa kusugulia sufuria, brashi ya nguo, thina, petroli, dawa ya klorini, siki na ndimu. Siki na ndimu nazitaja kwa makusudi kwa sababu ushauri huo unazunguka sana. Kinyesi cha ndege kina asidi tayari. Kukiongezea asidi nyingine juu ya rangi iliyokwisha kudhurika hakuna faida yoyote. Sabuni ya unga ya kufulia nayo huondoa nta yote, na chembe zake ambazo hazijayeyuka hukwaruza.

## Hatua ya 1: Pozesha gari kivulini

Egesha kivulini na usubiri mpaka uweze kuweka mgongo wa mkono juu ya bati kwa sekunde kumi bila kuhisi joto. Kama umetoka kuendesha, injini itakuwa bado inaipasha boneti kutoka chini, kwa hiyo ngoja kama nusu saa.

Hapa Nairobi jambo hili huwapotosha watu. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unaweza kuwa umevaa sweta kwa sababu ya upepo, na wakati huo huo boneti nyeusi iliyo juani haishikiki. Pima bati, usipime hewa.

Joto ndilo linalofanya sehemu kubwa ya uharibifu. Gari la kisasa huwa na tabaka angavu juu ya rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Mchana klia hupata joto, hulainika kidogo na kutanuka. Wakati huo kinyesi kinakauka na kuwa kigumu. Jioni baridi ikiingia, klia hujikunja na kuchukua umbo la kinyesi kilichokaa juu yake. Asidi nayo inaendelea kula pale pale. Ndiyo maana miezi ya Januari hadi Machi, yenye jua kali mchana na ubaridi usiku, huacha madoa mabaya kuliko Julai yenye mawingu. Kwenye gari jeusi, la kijani kibichi au la samawati iliyokolea, saa chache za jua zinatosha kuacha alama.

Ukifanya kazi kwenye bati la moto, maji yatakauka kabla hayajalainisha chochote na polishi itagandamana. Kungoja ni sehemu ya kazi.

Umefaulu ikiwa: bati ni la baridi au vuguvugu kidogo, na tone la maji halikauki mbele ya macho yako.

## Hatua ya 2: Loweka, na uloweke tena

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama utamaliza na rangi nzima au na mikwaruzo.

Angalia kinyesi kwa karibu. Sehemu nyeupe ni asidi ya yuriki, ambayo ndege hutoa badala ya mkojo wa majimaji. Ikikauka huwa fuwele ndogo ambazo haziyeyuki kirahisi ndani ya maji. Sehemu nyeusi au kahawia ni mabaki ya chakula: maganda ya mbegu, magamba ya wadudu, mchanga ambao ndege humeza ili kusaga chakula tumboni. Njiwa wa katikati ya jiji wamejaa mbegu na changarawe. Kunguru na marabou hula jalalani, kwa hiyo usikisie kilichomo. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya mchanganyiko huo umejitengenezea msasa.

Sufuria yenye ukoko wa ugali huloweshwa kwanza ndipo ikasuguliwa, na hapa ni vivyo hivyo, ila rangi ya gari haina uvumilivu wa sufuria.

Fanya hivi:

1. Vaa glavu na barakoa. Kinyesi kikavu kikivunjwa hutoa vumbi, na cha njiwa kinaweza kubeba kuvu wa Cryptococcus anayedhuru mapafu na ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini. Mtu wa namna hiyo amwachie mwingine kazi hii.
2. Changanya maji vuguvugu na matone machache ya shampuu ya gari. Maji yanayochemka hapana.
3. Mwagia doa kidogo kidogo mpaka lilowe lote.
4. Kunja shashi mara kadhaa, iloweshe kwenye maji yale, ilaze juu ya kinyesi na uibonyeze taratibu ishikamane na bati.
5. Acha dakika 10. Shashi ikianza kukauka pembeni, iongezee maji.
6. Kama kinyesi ni cha zamani, rudia na shashi mpya. Kilichokaa siku kadhaa kinaweza kuhitaji nusu saa nzima.

Wengine hupaka magadi soda ili kupunguza asidi. Si lazima, na chembe ambazo hazijayeyuka huwa mchanga mwingine. Maji na muda vinatosha.

Onyo: usikwangue kwa kucha, kadi ya benki wala kijiti cha plastiki, hata kama kipande kimoja kimeinuka upande. Upande wa pili bado umeshika.

Umefaulu ikiwa: kinyesi kimevimba, kimekuwa laini kama uji, na kingo zake zinaachia bati zenyewe.

## Hatua ya 3: Kinyanyue, usikifute

Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya rangi nzima na rangi yenye michirizi. Chukua shashi ile ile uliyolowekea, ibane kutoka nje kuelekea ndani, na unyanyue juu kama unayeokota kitu. Sehemu kubwa itatoka nayo. Itupe.

Kwa masalio, tumia kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa chapachapa. Pitisha mara moja, upande mmoja, bila kukandamiza. Geuza kitambaa upande safi. Pitisha tena. Ukirudi na upande uliochafuka, unarudisha mbegu na mchanga uliokwisha kutoa. Kikibaki kipande kigumu, rudi hatua ya 2.

Umefaulu ikiwa: kidole chenye glavu kinapita mahali pale bila kugonga chembe yoyote.

## Hatua ya 4: Osha sehemu yote

Osha boneti au paa lote, maana utakapofika kwenye polishi, vumbi la jirani litaingia kazini. Ndoo moja iwe na maji ya shampuu, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye shampuu. Suuza, kausha kwa maikrofaiba kavu.

Ukiwa hapo, kagua paa pia. Wenye magari marefu huliona paa lao kwa nadra, na mara nyingi huko ndiko kuna hali mbaya kuliko boneti.

## Hatua ya 5: Kagua jeraha

Washa tochi ya simu na uimulike kwa mshazari, si kwa kutazama moja kwa moja kutoka juu. Sogeza kichwa chako mpaka mwanga uakisi pale palipokuwa na kinyesi. Kisha pitisha ncha ya kidole safi, na mwisho ukucha, kwa wepesi sana.

Kama huoni wala huhisi kitu, hakuna jeraha. Ruka hadi hatua ya 9.

Kama unaona kivuli au duara lililopoteza mng'ao lakini kidole hakihisi chochote, jeraha ni la juu juu. Polishi laini kwa kawaida itatosha.

Kama kidole kinahisi ukingo au kibonde kidogo, klia imeliwa. Kompaundi itapunguza alama, na pengine itaiondoa yote. Jitayarishe kukubali isipoisha kabisa.

Kama ukucha unakwama, au unaona nyufa ndogo ndogo, au klia inabanduka, au rangi ya chini imebadilika, simama hapo. Polishi haitarudisha kitu ambacho hakipo tena. Soma sehemu ya mwisho kuhusu fundi.

Magari meupe yana mtego wake. Alama haionekani kwa urahisi, ila unaweza kuona umanjano. Mulika kutoka pande mbili kabla ya kuamua.

## Hatua ya 6: Jaribu joto kidogo kwanza

Hatua hii ni ya hiari, na inafaa tu kwa alama mpya zisizo na nyufa. Kwa kuwa klia ilijikunja kwa kupoa, wakati mwingine joto la wastani huifanya ijinyooshe tena na alama ikapungua bila kuparuza chochote.

Tumia mashine ya kukausha nywele. Ishike umbali wa sentimita 15 hadi 20 na uisogeze wakati wote. Bati liwe la moto kiasi ambacho bado unaweza kuligusa. Dakika mbili au tatu, kisha liache lipoe lenyewe na ukague tena. Usifanye hivi kwenye bampa, ambayo ni plastiki, wala karibu na stika.

Isipobadilika, hujapoteza kitu. Endelea.

## Hatua ya 7: Piga polishi kwa mkono

Kabla hujafungua kopo, elewa unachofanya. Polishi haijazi kibonde. Inapunguza klia inayokizunguka mpaka pawe sawasawa. Na klia ni nyembamba: kwa magari mengi ni kati ya maikroni 35 na 50, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila mzunguko unaondoa kidogo kisichorudi. Kwa hiyo tunaanza na dawa dhaifu kuliko zote na kupanda tu ikishindwa.

1. Ziba kwa tepu kingo za bati na mikunjo iliyo karibu na doa. Kwenye mikunjo klia huwa nyembamba zaidi na huisha kabla hujajua.
2. Weka matone mawili madogo ya polishi kwenye sponji. Nyingi haifanyi kazi haraka, inateleza tu.
3. Shughulikia eneo la sentimita 20 kwa 20, doa likiwa katikati. Ukisugua doa peke yake utachimba shimo linaloonekana likipigwa na jua.
4. Laza vidole vitatu juu ya sponji. Ncha ya kidole kimoja huweka nguvu zote mahali pamoja.
5. Sugua kwa mistari iliyonyooka, juu na chini, kisha kulia na kushoto. Nguvu ya wastani, dakika mbili hivi, mpaka polishi ibaki ukungu mwembamba.
6. Futa kwa maikrofaiba safi, kagua kwa tochi.

Angalia sponji baada ya mzunguko wa kwanza. Ikiwa imechukua rangi ya gari, bati hilo halina klia, au klia yake imeisha. Usishtuke moja kwa moja. Magari mengi tunayonunua yalitumika Japani kwanza, na mengine hupigwa rangi sehemu sehemu kabla hayajauzwa, nyakati nyingine kwa rangi ya koti moja tu, yaani isiyo na klia juu yake. Unaweza kuendelea na polishi laini kwa uangalifu, lakini kompaundi iache kabisa.

Ukirudia polishi mara tatu bila mabadiliko, pandisha hadi kompaundi laini kwa utaratibu ule ule. Mizunguko miwili ya kompaundi, si zaidi, kisha malizia kwa polishi laini kwa sababu kompaundi huacha ukungu wake. Baada ya hapo acha. Alama hafifu iliyobaki chini ya klia nzima utaishi nayo miaka. Mahali palipotobolewa klia pataanza kupauka na kubanduka, na hapo utalipia bati zima.

Onyo: usikubali kushawishika kuanza na mashine ya kung'arishia kama hujawahi kuitumia. Inapasha rangi joto kwa haraka, na kwenye kingo inaweza kuunguza klia kwa sekunde chache.

Umefaulu ikiwa: ukiinama na kutazama taswira ya dirisha au ukingo wa jengo kwenye bati, mstari unapita juu ya palipokuwa na doa bila kukatika wala kupinda.

## Hatua ya 8: Hakikisha hujidanganyi

Polishi nyingi zina mafuta yanayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Ndiyo maana doa hupotea leo na kurudi baada ya kuosha gari. Pulizia mchanganyiko wa alkoholi na maji kwenye kitambaa safi, pangusa eneo lote, subiri dakika moja likauke, kisha mulika tena.

Kilichopo sasa ndicho matokeo ya kweli. Kama alama imerudi kidogo na bado hujafikia idadi ya mizunguko niliyotaja, rudi hatua ya 7. Kama umefikia, endelea mbele.

## Hatua ya 9: Paka nta

Kama umepiga polishi, umetoka kuipunguza klia na kuivua kinga yake yote. Kinyesi kitakachoanguka kesho kitagusa rangi moja kwa moja.

Paka nta nyembamba sana kwa sponji yake, iache mpaka iwe ukungu, kisha ifute kwa kitambaa safi. Paka boneti, paa na buti, maana ndiko ndege hulenga. Nta haizuii asidi milele. Inakununulia muda, tofauti ya kuondoa kinyesi jioni ukakuta rangi salama na kukiondoa jioni ukakuta doa.

Kwa gari linalolala nje, rudia kila miezi miwili au mitatu. Kipimo ni rahisi: mwagia maji. Yakijikusanya kuwa matone ya duara, nta ipo. Yakitandaa na kulala, imeisha.

## Ukikutwa barabarani

Weka chupa ya nusu lita ya maji na kitambaa cha maikrofaiba ndani ya mfuko safi kwenye buti. Ukishuka kazini ukakuta kinyesi kibichi, mwagia maji, laza kitambaa dakika chache, nyanyua. Dakika hizo zinaweza kukuepusha na hatua ya 6, 7 na 8 zote.

Kikiwa kwenye kioo cha mbele, usiwashe waipa kikavu. Waipa itasambaza kinyesi usoni pako huku ukiendesha, na mbegu zikinasa kwenye mpira wake zitachora kioo. Simama pahali salama, mwagia maji, futa kwa mkono.

Na uangalie unapoegesha. Marabou wanaojulikana kwenye migunga ya Mombasa Road karibu na Uwanja wa Nyayo ni ndege wakubwa, na kinyesi chao ni kwa kiasi hicho hicho. Kivuli cha mti kinavutia, lakini tazama chini kabla hujaingia: lami iliyopakwa chokaa nyeupe inakueleza nani analala juu. Chini ya nyaya za umeme na chini ya kingo za majengo wanapokaa njiwa ni vivyo hivyo.

## Ukiosha gari kwa vijana wa kuosha

Wanafanya kazi kwa haraka na kitambaa kimoja hupita magari mengi. Hawana nia mbaya, ila hakuna aliyewalipa wangoje dakika 10. Shuka, onyesha doa kabla maji hayajafunguliwa, na useme wazi:

"Kijana wangu, hapa usisugue. Weka hii shashi na maji, iache kwanza, uoshe pengine ndipo urudi."

Atakuuliza, "Bosi, nisitumie brashi kidogo tu?" Jibu ni hapana. Beba kitambaa chako mwenyewe cha sehemu hiyo. Na uwe mkarimu unapolipa, umemwongezea kazi.

## Rangi ambazo hazifuati hatua ya 6 hadi ya 9

Rangi isiyong'aa, ile ya kufifia kwa makusudi, haipigwi polishi wala nta ya kawaida. Itapata kipara kinachong'aa ambacho hakiondoki. Loweka, nyanyua, osha, basi.

Gari lililovishwa stika mwili mzima vile vile. Kompaundi itaharibu uso wa stika.

Rangi mpya iliyotoka gereji bado inakauka ndani hata kama juu ni kavu. Mafundi wengi hushauri kungoja siku 30 au zaidi kabla ya nta. Ni laini na kinyesi kinaila upesi, kwa hiyo kitoe siku hiyo hiyo, kwa maji tu.

## Ikibidi kumwona fundi

Kama hatua ya 5 ilikusimamisha, au kompaundi haikusaidia, tafuta fundi wa rangi au wa kung'arisha. Piga picha za doa kwa mwanga wa mshazari kabla hujampa gari, na umuulize haya kabla mashine haijawashwa.

Je, ana kipimo cha unene wa rangi? Akiwa nacho, atajua kama klia iliyobaki inaruhusu kazi. Asipokuwa nacho, anakisia.

Ataanza na nini? Unataka kusikia pedi laini, polishi laini, na sehemu ndogo ya majaribio. Akianza kwa kutaja msasa, muulize wa namba gani. Msasa wa maji wa namba 2000 au zaidi una nafasi yake kwenye kibonde kirefu, ukifuatiwa na kompaundi na polishi, lakini baada ya kupima unene.

Je, anataka kupiga mashine boneti nzima kwa ajili ya doa moja? Mwambie akomee kwenye eneo la doa, isipokuwa umeamua mwenyewe kusafisha gari lote.

Na kama jibu lake ni kupiga rangi, kubaliana naye kwamba klia itapigwa bati zima mpaka kwenye kingo. Klia iliyopigwa kama kiraka katikati ya boneti huonyesha mpaka wake kwenye jua, na mpaka huo ndio huanza kubanduka. Ukichukua gari, liegeshe mbali na miti kwa siku hizo 30 za mwanzo, na chupa ya maji iwe kwenye buti.